Kifuniko cha jagi kwa kroshia, makochi yasubiri kwanza

Ukiingia kwenye nyumba ya watu wazima pale Mikindani, Mtwara, ukaomba maji, usiangalie jagi, angalia kilichokaa juu ya jagi. Kuna kile kiduara cha uzi mweupe chenye shanga pembeni, kimelala pale mdomoni, shanga zinaning'inia pande zote zinakivuta chini ili upepo wa baharini usikipeperushe na inzi asipate njia. Ukikinyanyua shanga zinagonga jagi, chwi chwi chwi, na bibi yangu alikuwa anaisikia hiyo sauti hata akiwa uani anachambua mchele, anajua kuna mtoto kafungua maji, na ole wako usikirudishe utasikia jina lako mtaa mzima.

Hicho ndo nataka nikuelekeze leo, na sio kitambaa cha kochi. Najua kila mtu akishika sindano ya kroshia mara ya kwanza anawaza seti nzima ya makochi, mi pia niliwaza hivyohivyo. Ilikuwa msimu wa korosho, si unajua huku Kusini korosho zikishauzwa mnadani na hela ikaingia utaona makochi mapya yanapita barabarani juu ya guta, na sisi tukanunua, nikasema vitambaa sinunui nafuma mwenyewe. Kipande cha kwanza kikatoka kikubwa, cha pili kidogo, cha tatu sijui siku hiyo nilikuwa na hasira gani kikakaza kama ngozi ya ngoma, afu uzi ukaisha. Nikarudi duka lilelile, nikapewa uzi "uleule", kumbe sio, ule mweupe wake ulikuwa na umanjano kwa mbali na nilikuja kugundua asubuhi juani nikiwa nimeshafuma nusu. Vile vipande viko chini ya kitanda mpaka leo. Kwa hiyo funzo la dukani nakupa kabisa hapa: karatasi ya uzi ina namba ya rangi na namba ya lot, yaani mkupuo uzi uliotiwa rangi pamoja, lot zikitofautiana rangi inaweza kutofautiana hata kama jina la rangi ni moja, we nunua wote wa kazi hiyo siku moja.

Kifuniko cha jagi hakina hayo mambo. Kibunda kimoja cha uzi kinatosha na kinabaki. Kinaisha jioni mbili tatu, na ukikosea unafumua bila kulia.

Vitu vyenyewe ni vichache. Uzi wa pamba, mweupe au rangi ya maziwa, usiwe mwembamba sana kama wa cherehani wala mnene kama wa sweta, wa katikati. Weusi achana nao kwanza, vitanzi havionekani, utaumiza macho bure. Sindano ya kroshia ya milimita 2.5 au 3, namba imeandikwa kwenye mpini. Shanga za kioo, sio zile nyepesi za plastiki, maana kazi ya shanga hapa ni uzito sio urembo tu, shanga nyepesi upepo wa kusi ukivuma unakuta kifuniko kiko sakafuni. Mkasi, sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, na pini moja ya kubania, hiyo pini nitakwambia ya nini.

Sindano ya bibi yangu mimi ilikuwa ni spoku ya baiskeli. Fundi baiskeli alimkatia kipande, akakichonga mdomo kwa tupa, akausugua kwa msasa mpaka ukateleza, mwisho mwingine akautia kwenye kipande cha mti. Spoku nyingi ni milimita 2 kwa hiyo ilifaa sana kwa uzi mwembamba. Ila chuma ni chuma na hewa yetu hii ya chumvi mnaijua, ukiiacha wiki mbili bila kuishika inapata kutu na kutu inahamia kwenye uzi mweupe. Ukipata doa la kutu kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha suuza vizuri, mara nyingi linatoka. Siku hizi za aluminiamu zipo hazishiki kutu, ila nakiri ile ya spoku ilikuwa inakaa mkononi vizuri kuliko zote nilizowahi kununua.

Haya sasa mkono. Sindano shika kama kalamu au kama kisu cha mezani, yoyote, wasikusumbue watu. Uzi unapita mkono wa kushoto, zungusha mara moja kwenye kidole kidogo halafu uje juu ya kidole cha shahada, ule mzunguko ndo breki yako, ukibana kidole uzi unakuwa mgumu, ukiachia unalegea. Kama unatumia shoto geuza tu kila kitu. Na nawa mikono, tena kwa sabuni, hasa kipindi cha kaskazi joto linapopanda mikono inatoa jasho na uzi mweupe unageuka kijivu kabla hujafika raundi ya tatu.

Kitanzi cha kwanza ni fundo la kuteleza, lile lile la kufungia mbuzi ukivuta linakaza. Liko kwenye sindano? Nasa uzi kwa mdomo wa sindano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni cheni moja. Rudia. Kaa na cheni tu siku ya kwanza, fuma hata mita nzima ukiwa unasubiri maharage, usiwe na haraka, unachotafuta ni vitanzi vifanane ukubwa. Watu wengi wanakaza sana mwanzoni, mpaka sindano haipiti, unamwona mtu amekunja uso kama anang'oa jino. Legeza. Kitanzi kinatakiwa kiteleze kwenye sindano bila kubembelezwa.

Kuna siku nimekaa kwenye ngazi kule karibu na pwani nafuma kiduara changu, pembeni kuna mzee anatengeneza nyavu, nikamwamkia "babu shikamoo", "marahaba mjukuu wangu, hebu nione hiyo kazi". Nikampa kwa furaha, nilishafika raundi ya nne. Akaigeuzageuza akasema mbona haina mafundo hii, akashika uzi akavuta, sio kwa ubaya, alitaka tu kuona, ikafunguka raundi nzima prrrr mbele ya macho yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akanionyesha wavu wake, kila tundu lina fundo lake, ukikatika uzi mmoja tundu moja ndo linakufa mengine yanabaki. Sasa kroshia yenyewe ni uzi mmoja mrefu uliopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe, kilicho hai ni kitanzi kimoja tu kile kilichopo kwenye sindano, ukikiachia na ukavuta unarudi ulikotoka. Nilinuna siku ile ila kwa kweli ndo siku nilielewa ninachofanya. Maana yake ni kwamba makosa yote yanafumulika, na uzi unabaki mzima unautumia tena. Na maana yake nyingine ni kwamba ukitaka kuweka kazi chini, mtoto analia, sufuria inafurika, usiiache hivihivi, pitisha ile pini kwenye kitanzi ubane. Basi. Itakusubiri hata wiki.

Ukishazoea cheni jifunze mishono miwili tu, singo na dabo. Singo: ingiza sindano kwenye tundu, nasa uzi, vuta, una vitanzi viwili kwenye sindano, nasa tena uvipite vyote viwili. Kimebaki kimoja. Dabo: kabla hujaingiza, zungusha uzi kwenye sindano mara moja, ndo uingize, nasa, vuta, sasa una vitatu. Nasa upite viwili vya mbele, vimebaki viwili, nasa tena upite hivyo viwili, kimebaki kimoja. Dabo ni ndefu, inasimama, singo ni fupi imelala. Ukiwa unajifunza kwa video za YouTube angalia kitu kimoja kinachochanganya watu kila siku, Wamarekani na Waingereza majina yao hayafanani, dabo ya Mmarekani Mwingereza anaiita tribo, na singo ya Mmarekani kwa Mwingereza ndo dabo. Mi hapa nahesabu Kimarekani. Kama umefuata maelezo ya mtu na kitambaa chako kimetoka kifupi nusu ya cha kwake, hujakosea we, mmepishana majina.

Twende kwenye kifuniko. Fuma cheni 4, uunge mwisho na mwanzo kwa kuteleza, yaani ingiza sindano kwenye cheni ya kwanza, nasa uzi, vuta upite vyote. Una kipete. Raundi ya kwanza fuma cheni 3 za kupandia, hizo zinahesabika kama dabo moja, halafu dabo 11 zote ndani ya kile kipete, jumla 12, unga kwa kuteleza juu ya zile cheni 3. Raundi ya pili kila dabo juu yake weka mbili, kwa hiyo ni 24. Na hapo mwanzo usisahau, cheni 3 ni moja, ongeza dabo nyingine palepale ziwe mbili. Raundi ya tatu unaenda moja, mbili, moja, mbili, yaani tundu hili dabo moja, linalofuata mbili, utapata 36. Ya nne moja, moja, mbili, unapata 48. Ya tano moja mara tatu halafu mbili, 60. Ya sita moja mara nne halafu mbili, 72. Umeona mchezo wake? Kila raundi inaongezeka 12, zilezile ulizoanza nazo. Ukijua hilo huhitaji karatasi ya mtu.

Kwa bilauri raundi 6 zinatosha mara nyingi. Jagi linataka 9 au 10 hivi, ila usiniamini mimi, lichukue jagi lenyewe liweke mezani mbele yako na ujaribishie, kiduara kizidi mdomo upana wa kidole kimoja kila upande.

Sasa duara lina tabia zake na linasema likikosewa. Likianza kufanya mawimbi kama rinda la gauni, umezidisha dabo, au umelegeza mno. Likianza kujikunja juu kama bakuli, umeruka mahali hukuongeza, au umekaza. Hesabu. Hakuna dawa nyingine, hesabu kila raundi kabla hujaunga, maana ukikosea raundi ya tatu ukaja kuona ya saba unafumua tano. Mi nikihesabu nahesabu kwa sauti, mtoto akiniita "mama!" namjibu "kumi na saba!" na wameshazoea wanasubiri. Lile bakuli lakini usilidharau, ndo mwanzo wa kofia, ukiacha kuongeza kwa makusudi ukaendelea kuzunguka na idadi ileile kazi inashuka chini inakuwa kofia. Kofia ya kwanza ya mtoto wangu ilikuwa kifuniko cha jagi kilichokosewa, na hakuna aliyejua.

Mzunguko wa shanga ndo mtamu. Ukimaliza raundi ya mwisho kata uzi, acha mkia wa urefu wa kidole, uvute upite kwenye kitanzi cha mwisho ukaze. Sababu ya kukata ni kwamba shanga lazima ziwe zimetungwa kwenye uzi kabla ya kufuma, na mwanzoni hukujua utaishia raundi ya ngapi, kwa hiyo hukujua zinatakiwa ngapi. Sasa unajua: gawa idadi ya dabo kwa 3. Dabo 72 ni shanga 24, za raundi ya kumi ni 120 kwa hiyo 40. Tunga na mbili tatu za ziada, kuna inayopasuka. Uzi ukigoma kuingia kwenye shanga chovya ncha kwenye rangi ya kucha, acha ikauke, inakuwa ngumu kama sindano. Zikishatungwa zisukume nyuma, unga uzi kwenye dabo yoyote kwa singo moja, halafu cheni 2, leta shanga moja mpaka iguse sindano, fuma cheni moja nyuma yake ya kuifunga, cheni 2 tena, ruka dabo mbili, singo kwenye ya tatu. Hapo umepata kiupinde kimoja chenye shanga katikati. Rudia mpaka ufike ulipoanzia. Hii sehemu ndo watoto watakuja kukaa karibu wenyewe, wape kazi ya kuchagua rangi, wewe shika sindano.

Mikia ya uzi isikatwe karibu. Ichukue kwa sindano ya kushonea ipitishe chini ya mishono kwenda upande mmoja, kisha irudi kidogo, ndo ukate. Ukikata karibu na fundo itatoka siku ya kufua, na ile habari ya babu wa nyavu itajirudia kwako.

Mpaka hapo kifuniko kipo ila kimelala kama kitambaa cha kupangusia. Kinataka wanga. Bibi alikuwa anatengeneza mwenyewe, anakwaruza muhogo mbichi ule mtamu, anauloweka na kuukamua kwenye kitambaa, maji yale meupe anayaacha yatulie kwenye bakuli, asubuhi anamwaga maji ya juu taratibu, chini kuna wanga mweupe umeganda kama chokaa. Huku kwetu muhogo haukosekani, ila ukiwa mvivu kama mimi nunua wanga wa mahindi. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji ya baridi, ndo uweke jikoni huku unakoroga mpaka ugeuke kutoka weupe na kuwa kama maji mazito ya kung'aa. Ukimwaga wanga kwenye maji ya moto utapata madonge, nakwambia mapema. Acha upoe, chovya kifuniko kilichofuliwa, kamua kidogo usikisokote, kitandaze juu ya sinia lililogeuzwa, vuta kila kiupinde kwa kidole kikae sawa, anika. Baada ya saa chache za jua la Mtwara kinanyooka chenyewe. Ukitaka kukitunza kabatini muda mrefu kifue wanga utoke kwanza, mende wanaupenda wanga kuliko unavyowapenda wageni.

Kuna maadui wawili wa kazi nyeupe ambao vitabu vya wenzetu havitawataja. Wa kwanza ni bibo, lile tunda la mkorosho. Maji ya bibo yakidondokea kwenye uzi yanaonekana si kitu, kesho yake doa la kahawia, na hilo halina ndimu wala jiki, ndo limeshakuwa ua la kitambaa. Wa pili ni mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua vidole, kama umebangua korosho leo usishike uzi leo. Ming'oko, ile mizizi ya porini, haina shida, menya kula, nawa, endelea.

Muda je, maana hilo ndo swali la kila anayeniona. Sikai nikafuma masaa mawili mfululizo, nani ana masaa mawili. Raundi moja ya dabo 36 ni kama kusubiri samaki wa nazi wachemke. Raundi ya 60 ni foleni ya zahanati. Umeme ukikatika usiku naendelea kwa vidole, vitanzi unavisikia kwa ncha ya kidole gumba, ila hesabu tu ndo inanipotea kukiwa na maneno ya watu barazani, na maneno huwa yapo. Kuna utulivu fulani unakuja mikono ikiwa na kazi ndogo inayojirudia, mtu anakueleza jambo lake zito na wewe humtolei macho, uko na uzi wako, na ndo anaongea vizuri zaidi. Mama mdogo wangu mambo yake yote mazito nimeyasikia nikiwa nahesabu dabo.

Jirani ameviona vya kwangu na sasa anataka vya bilauri 6, shanga za bluu. Hizo ni shanga 144, na sokoni nimekuta nyekundu tu. Nimemwambia achague, asubiri bluu au anywe maji kwa nyekundu, bado hajanijibu.